Fundi simu wa Ngamiani na wazee wa Unix

Nimetoka Ngamiani sasa hivi kuchukua simu ya mama. Ilikuwa ikiwaka inaishia kwenye nembo tu, haiendelei.

Dogo fundi kaichomeka kwenye laptopu, kafungua kidirisha cheusi, mausi hata haigusi. Kidole kimoja kina plasta, lakini anavyochapa sasa!

Nikachungulia.
ls, amri ya kuorodhesha mafaili.
Kisha cp, ananakili picha za harusi ya dada.

Jamani, amri hizo zimo kwenye kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, Novemba 1971! Waliouanzisha ni Ken Thompson na Dennis Ritchie, kwenye maabara za Bell Labs, Marekani, enzi kompyuta moja ni ukubwa wa kabati. Ritchie ndiye aliyetunga pia C, lugha ya kuandikia programu, na Linux, kiini cha mfumo kilicho ndani ya kila Android sehemu kubwa imeandikwa kwa C.

Nikamuuliza, "Dogo, unamjua Dennis Ritchie?"

"Anakaa mtaa gani, kaka?"

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Ila iliniuma kidogo. Alifariki Oktoba 2011, siku chache baada ya Steve Jobs wa Apple, na msiba wake ukapita kimyakimya.

Mliosomea kompyuta, nani mwingine hatumtaji? Shusheni majina hapo chini.