Siku moja maishani mwangu: nikiiundia cherehani yangu meza ya nyongeza

Saa 1:00 asubuhi

Cherehani yangu ni ile ya kubebeka, unaiweka juu ya meza yoyote, unachomeka umeme, kazi inaanza. Kwa blauzi, mashati na sketi haina neno. Balaa huanza kwenye blanketi la viraka: robo yake iko chini ya sindano, iliyobaki inaning'inia ukingoni mwa meza, na uzito wote unavuta pale pale unapotaka mstari unyooke.

Wengi hufikiri meza ya nyongeza, ule ubao wenye miguu unaoizunguka cherehani, ni ya kuongeza nafasi. Nafasi ni faida ya pili. Yale meno yanayosukuma kitambaa chini ya sindano yameundwa kusogeza kitambaa kilicholala, hayakuundwa kuburuta mzigo. Mzigo ukining'inia, hatua za mshono zinafupika, mstari unapinda, na wewe kwa haraka zako unaanza kuvuta kwa nyuma ili kusaidia. Hapo ndipo sindano inapojipinda, inagonga bamba la chuma lililo chini yake na kuvunjika. Kitambaa kikilala juu ya ubao ulio sawa na uso wa cherehani, nusu ya ugomvi huo haipo tena.

Basi leo, wateja wakija nitawahudumia, wasipokuja niko na msumeno.

Saa 1:30

Kipimo cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kinachobeba vingine vyote, ni kimo cha uso wa kushonea. Naivuta ile sehemu ya kushoto yenye kisanduku cha vifaa, inatoka, unabaki ule mkono mwembamba wa chini. Nalaza rula juu ya mkono huo ikitokeza pembeni, kisha nasimamisha rula ya pili kutoka mezani hadi kugusa ya kwanza. Milimita 86.

Cherehani lazima ipimiwe pale pale itakapofanyia kazi, ikiwa imekaa kwa uzito wake, maana miguu yake ya mpira hubonyea kidogo. Ukichukua kimo kutoka kijitabu cha maelezo au cherehani ya jirani, umejitafutia shari. Toleo moja na jingine hutofautiana hata kama zimetoka kiwanda kimoja.

Ubao wa meza ni plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 45. Nikitoa 12 kwenye 86 inabaki 74, hiyo ndiyo nafasi ya miguu. Nimeichagua plaiwudi kwa sababu matabaka yake yamepishana, nyuzi za hili zikienda huku za lile zikienda kule, kwa hiyo haipindi ovyo kama ubao mmoja mpana. Plastiki ngumu inayoonyesha ndani inapendeza na kitambaa huteleza vizuri juu yake, ila kuikata kunataka subira. Msumeno ukienda kasi inayeyuka na kugandia meno.

Saa 2:45

Mteja ameleta suruali ya kupunguzwa urefu. Nimeishona kwa kuuvisha mguu wa suruali kwenye ule mkono mwembamba na kuuzungusha, kwa muda usiotosha hata kukaa vizuri. Hii ndiyo sababu meza yangu haitafungwa kwa skrubu wala gundi kwenye cherehani. Nikitaka kushona pindo la suruali au mkono wa shati, niivute kushoto, itoke. Meza inayokunyima mkono huo imekutapeli.

Saa 3:30

Kiolezo. Hapa sina haraka.

Nachukua kadibodi ngumu ya ukubwa ule ule wa ubao na kukata mwanya upande wa kulia, mkubwa kuliko cherehani kwa kama vidole viwili kila upande. Naiinua juu ya vitabu hadi ifikie kimo cha uso wa kushonea, kisha naisukuma kuizunguka cherehani. Sasa kazi yenyewe: nakata vipande vidogo vya kadibodi, kimoja baada ya kingine nakisogeza mpaka kiuguse mwili wa cherehani, nakigandisha kwa tepu kwenye kadibodi kubwa. Kwenye ncha ya mkono, palipo na mviringo, vipande ni vyembamba kama kucha. Kule nyuma mkono unapoungana na mwili, kuna kona ya ndani na kitufe cha kushusha yale meno. Hapo naacha nafasi ya kidole kuingia.

Nikimaliza, ukingo wa kadibodi unafuata umbo la cherehani bila mimi kupima pembe hata moja. Naitoa, naichora upya mstari wake ukiwa mpana kwa milimita 2 pande zote. Hiyo nafasi kati ya ubao na cherehani si uzembe. Ubao ukigusana na cherehani, mtetemo wote unahamia kwenye meza, inavuma, na pini zilizoko juu yake zinatembea. Nafasi hiyo ikizidi milimita 3, kitambaa laini kinaanza kuzama humo. Kati ya hizo mbili ndipo pa kukaa.

Bobini ya cherehani yangu, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, inaingilia juu, kando ya sindano, kwa hiyo sina cha kuwaza. Kama yako inaingilia mbele, chini ya mkono, acha mbele nafasi ya mkono wako kupita, au kubali kuivuta meza kila uzi unapokwisha. Mimi ningeikatia kidirisha chenye bawaba, kwa sababu uzi wa bobini una tabia ya kuisha katikati ya mstari mrefu.

Saa 4:50

Shangazi, ambaye anashonea cherehani ya pedali kwenye chumba hiki hiki, amesimama akiangalia kadibodi yangu iliyojaa tepu.

"Hii nayo ni nini, mwanangu?"

"Meza ya cherehani, shangazi."

"Mnanunua cherehani isiyo na meza, halafu mnaitafutia meza. Sisi zetu zilikuja nayo."

Ana haki ya kucheka. Cherehani yake imezamishwa ndani ya meza, uso wa chuma na uso wa mbao viko sawa, na amekuwa akishona mashuka na mapazia juu yake bila kuwaza uzito. Cherehani za kubebeka zilipopewa ule mkono mwembamba zikapata urahisi wa mikono ya mashati, zikapoteza uwanja. Nikamwambia yake haishoni pindo la suruali kwa kuzungusha. Akajibu kwamba pindo hujikunja na kushonwa kabla ya kufunga mshono wa pembeni, kama mtu ana akili ya kupanga kazi. Nikarudi kwenye ubao wangu.

Saa 5:15

Kukata. Meno ya jigso, ule msumeno mdogo wa umeme, yanatazama juu, kwa hiyo yanapopanda yanararua uso wa juu wa ubao na kuuacha wa chini ukiwa safi. Ndiyo maana naulaza ubao upande mzuri ukiwa chini, na kiolezo nakigeuza kifudifudi kabla ya kuchora. Usipokigeuza, mwanya utatokea upande usio wake. Juu ya mstari nabandika tepu ya karatasi ili vibanzi visinyanyuke, nafunga ubao kwa klampu mbili, natoboa tundu kwenye kila kona ya ndani ili bapa la msumeno lipate pa kugeukia.

Meno membamba, mwendo wa taratibu. Ukilazimisha kwenye mviringo, bapa linajipinda na ukuta wa mkato unakuwa wa mshazari: juu umefuata mstari, chini umeingia ndani na kugusa cherehani. Afadhali kubakiza milimita moja na kuimaliza kwa tupa na msasa.

Ubao ukishakatwa unabaki na pande mbili nyembamba, mbele na nyuma ya mkono wa cherehani. Hizo ndizo sehemu dhaifu. Chini ya kila upande nimegandisha kipande cha mbao kwa urefu wake, kimesimama kwa ukingo, kizuie kunesa.

Saa 6:40 mchana

Miguu. Nimekata vigingi vya mbao ngumu vyenye urefu wa milimita 60. Kwa 74, inabaki 14 ya bolti ya kurekebishia, pamoja na kichwa chake. Bolti ni M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, na uzuri wake ni kwamba uzi wake wa kawaida hupanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Robo ya mzunguko ni kama theluthi moja ya milimita. Kwa mkono na msumeno sitafikia usahihi huo hata nikeshe.

Chini ya kila kigingi natoboa tundu refu kupita bolti, napigilia nati yenye meno, ile yenye sahani, sahani ikikaa kwenye uso wa chini. Iwekwe hivyo hivyo: uzito wa blanketi ukikandamiza, bolti inasukuma juu, sahani inazidi kuuma kwenye mbao. Ukiiweka upande wa pili, kila mzigo utakuwa unaing'oa. Kisha gundi ya mbao, na pembe ndogo za chuma zilizofungwa kwa skrubu fupi zisizopenya hadi juu. Miguu minne kwenye pembe za ubao, na wa tano karibu na sindano, maana hapo ndipo mikono yangu hukandamiza siku nzima.

Klampu, halafu chakula cha mchana.

Saa 8:30

Gundi inapokauka, nimetia vifungo kwenye mashati ya mteja na kukata viraka vya blanketi jingine. Hakuna la kusimulia.

Saa 9:45 alasiri

Msasa namba 120 kwenye kingo, 180 juu, kisha 240. Ukingo wa mwanya naufuta pembe yake kidogo tu ili mshono mnene usikwame.

Naisukuma meza kutoka kushoto hadi cherehani ikae kwenye nafasi yake. Nalaza rula ikipita juu ya cherehani na ubao na kutazama mwanga unapitia wapi. Nazungusha bolti za pembeni kwanza, ile ya tano mwisho kabisa, mpaka iguse tu. Ukiianza hiyo, meza itayumba juu yake. Halafu kucha: naipitisha kutoka chuma kwenda mbao na kurudi. Ikikwaruza upande wowote, bado. Jicho linadanganywa na kivuli, kucha haidanganywi.

Nimejaribu na kitambaa chepesi cha satini, kwa sababu kinalalamika kabla ya vingine. Kimepita. Kisha blanketi lenyewe, likiwa na tabaka zote tatu, nikalikunja upande wa kushoto likalala juu ya ubao. Mstari wa kwanza umenyooka bila mikono yangu kufanya zaidi ya kuelekeza.

Nafanya jaribio hili mbao ikiwa bado kavu, haijapakwa chochote. Likitokea la kupunguza, unapunguza mbao tu, huharibu vanishi.

Kuna jambo meza hii hailitatui. Meza niliyoiwekea cherehani ina kimo cha sentimita 75, ukijumlisha na uso wa kushonea nashonea karibu sentimita 84 kutoka sakafuni. Viwiko vinapaa, mabega yanauma. Dawa yake ni kiti kupanda mpaka viwiko vifanye pembe mraba, na pedali kupanda nayo juu ya kibao ili mguu usining'inie. Anayeweza kukata meza yake kubwa na kuizamisha cherehani ndani, kama ya shangazi, afanye hivyo na aachane na vigingi vyangu. Mimi nahamahama na cherehani, siwezi.

Saa 11:00 jioni

Vanishi ya maji, mkono wa kwanza, juu na chini. Watu huacha upande wa chini kwa kuwa hauonekani. Mbao ikinywa unyevu upande mmoja tu inajikunja, na kile kimo nilichokitafuta kwa robo ya mzunguko kinapotea. Maji ya vanishi husimamisha vinyuzi vya mbao, kwa hiyo ikikauka uso unakwaruza. Napitisha msasa wa 320 kwa mkono mwepesi, nafuta vumbi kwa kitambaa kikavu.

Nta ya silikoni au dawa za kung'arishia fanicha hazisogei hapa. Zinateleza kweli, ila zinahamia kwenye kitambaa, na doa la mafuta kwenye kitambaa cha mteja ni kesi.

Saa 1:20 usiku

Mkono wa pili. Nimechora mistari ya vipimo kwenye tepu niliyoibandika ukingoni mwa mwanya, kila sentimita kuanzia sindano kwenda kulia, nitaihamishia kwenye ubao vanishi ikishakaza. Ikikauka mkononi haina maana imekaza ndani, kwa hiyo blanketi halitalazwa juu yake usiku huu, wala kesho asubuhi.

Shangazi amekuja kunusa vanishi na kuuliza kama nikimaliza naweza kumpa dada yangu aitumie kwenye cherehani yake.

"Bolti zitaifikisha kimo, shangazi. Ila mwanya umekatwa kwa umbo la hii."

"Basi mkatie na yake. Kadibodi ipo."

Kadibodi ipo kweli, na plaiwudi iliyobaki inatosha kama nitaubana upande wa kushoto ubaki na sentimita 15. Nimemwambia dada aniletee cherehani yenyewe, vipimo vya kwenye simu sivitaki.