Mara ya tatu ndipo nikaimaliza

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika Tandahimba. Ukianza msimu wa korosho, Oktoba, mikono yangu ni ya mizani na stakabadhi tu. Kozi ya bure ya takwimu kwa simu niliianza mara mbili nikaiacha mara mbili, na nilijiona mzembe hadi niliposoma habari za Sebastian Thrun na Peter Norvig, waliofundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2011 kozi yao ya bure ya akili bandia, ya mtandaoni, iliandikisha watu zaidi ya 160,000, wakamaliza kama 23,000. Basi sikuwa peke yangu.

Mara ya tatu nilianza Machi 2024, mizani imepumzika. Video nilipakua usiku wa manane, bando linapokuwa rahisi, nikazitazama mchana bila mtandao. Katikati ya Mei nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Waliotegemea kutazama moja kwa moja walikwama. Mimi nilikuwa na masomo ya wiki mbili kwenye simu.

Kilichonitoa jasho ni Kiingereza. Maneno nilikuwa nayafahamu, lakini mifano yote ilikuwa ya bei za nyumba Marekani, na kichwa kiligoma. Nikampelekea daftari mwalimu wa hisabati wa sekondari ya jirani. Akasoma, akaniambia, "Dada, toa nyumba hizo, weka korosho."

Tukaweka wakulima watano: kilo 80, 100, 120, 150 na 2,050. Wastani wao ni kilo 500, ilhali wanne hakuna aliyefikisha hata 200. Namba ya katikati, 120, ndiyo inayofanana na watu ninaowapimia. Miaka yote nimekuwa nikiandika wastani kwenye taarifa zetu! Nilikaa kimya pale kwenye benchi, nikiwafikiria wale wanne. Tangu jioni ile kila somo nililigeuza hivyo, na Julai nikamaliza. Cheti kilitaka malipo, nikakiacha.

Jambo moja linaniuma. Kozi ile ni ya bure lakini si huria: haki zote zimehifadhiwa, kwa hiyo siwezi kuitafsiri na kuwagawia wenzangu wa vyama vingine. Masomo ambayo chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kuyaweka wazi yako tofauti. Leseni yake ya Creative Commons inaruhusu kunakili na kutafsiri, mradi umtaje mwenyewe, usiuze, na tafsiri yako uiache wazi vilevile. Kwa msomaji wa Kiswahili, tofauti hiyo ni kubwa kuliko bei ya bando.

Kwa hiyo mimi na mwalimu tumechukua maelezo ya takwimu ya huko. Jumamosi tunakaa ofisini kwangu, yeye anahakiki hesabu, mimi natafuta mifano ya ghalani. Tumemaliza sura mbili. Ya tatu ni ya uwezekano, na bado tunabishana tutumie mvua au bei ya mnadani.