Dakika 20 tu, nikawa nje

Jumamosi nililipa kiingilio cha mashindano ya poka hapa Nairobi, na dakika 20 baadaye nilikuwa barabarani natafuta matatu. Aibu gani hii!

Tulianza na chipu 20,000 kila mmoja, blaindi (yaani dau la lazima kila mchezo) 50 na 100. Hakuna aliyekuwa ananikimbiza. Nikapata karata zangu mbili, esi na kingi, nikapandisha dau hadi 300. Mzee mmoja aliyekuwa akikoroga chai akafuata bila hata kuniangalia. Mezani zikafunguliwa karata tatu za kutumiwa na wote: esi, tisa, nne. Moyo ukaruka. Nikaweka dau, akafuata, nikaongeza, akafuata. Mwishowe nikasukuma zote. Mzee akaweka kijiko chini, akafunua karata zake: zote mbili nne. Yaani, pamoja na ile ya mezani, ana nne zikiwa tatu, na mimi na kajozi kangu ka esi!

Hesabu yake nimeielewa nikiwa kwenye matatu. Ukishika jozi ndogo, ya tatu inayofanana nayo hutokea kwenye karata tatu za kwanza za mezani kama mara 1 kati ya 8. Kujaribu kulimgharimu 300 tu, na mimi nilikuwa tayari kumlipa 20,000. Jozi moja, blaindi zikiwa ndogo vile, ni ya kuokotea chipu chache, si ya kuwekea kila kitu.

Na chai yake wala haikuwa imepoa.