Usingizi wa mvuvi na swali la wiki mbili

Nilipokuwa nikikusanya takwimu kwenye mialo ya wavuvi ya Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, niliamini kwamba dodoso likishathibitishwa na wataalamu, kazi inayobaki ni kulisoma kwa sauti na kuweka alama ya vema. Imani hiyo ilivunjika asubuhi moja pale Igombe, mbele ya mzee mmoja mvuvi wa dagaa aliyekuwa ameketi ukingoni mwa mtumbwi akitengeneza nyavu, macho yamemwiva kwa kukesha.

Tulikuwa tunatumia PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya kudumu) lililochapishwa Marekani mwaka 2001. Lina maswali tisa, kila moja lina alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27, na mara nyingi anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Maswali yote yanahusu wiki mbili zilizopita. Swali la tatu linauliza kuhusu kukosa usingizi au kulala kupita kiasi. Nilipomsomea, mzee aliweka nyavu chini.

“Mwanangu, hili ni giza, hatulali. Ungekuja wakati wa mbalamwezi ungenikuta nimelala mpaka saa sita mchana.”

Kila aishiye ufukweni analijua jambo hilo. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu mwanga wake hushindana na taa, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Mzee yule angepata alama za juu wakati wa giza kwa kukosa usingizi, na pengine alama nyingine mbalamwezi kwa kulala mno, ilhali moyo wake ni uleule na kilichobadilika ni ratiba ya kazi. Swali la nne, linalohusu uchovu, lingeingia katika mtego huohuo.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kipimo cha uthabiti. Ili kujua kama dodoso linatoa majibu yaleyale, watafiti humuuliza mtu yuleyule mara mbili, na mara nyingi huacha wiki mbili katikati. Mwezi huchukua takribani siku 29 na nusu kukamilisha mzunguko wake. Ukimuuliza mvuvi leo katikati ya giza na kurudi baada ya wiki mbili, utamkuta mbalamwezi. Alama zake zitatofautiana, nawe utaandika kwamba dodoso halina uthabiti, au kwamba mvuvi amepata nafuu.

Kosa la pili lilikuwa la lugha yetu wenyewe. Mojawapo ya majibu ya kuchagua liliandikwa “zaidi ya nusu ya siku”. Sisi tuliolitafsiri tulimaanisha siku nyingi kati ya zile kumi na nne, lakini neno siku halibadiliki katika umoja na wingi, na mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa alinijibu kwamba huzuni humshika tangu asubuhi hadi alasiri, kwa hiyo ni zaidi ya nusu ya siku. Alikuwa sahihi kabisa. Tafsiri yetu ilikuwa imerudishwa katika Kiingereza na mtu mwingine ili kuihakiki, kama inavyoshauriwa, na haikuonyesha kasoro yoyote, kwa sababu msomi anayejua Kiingereza aliielewa kama sisi tulivyoielewa.

Kilichotuokoa ni njia rahisi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa saikolojia aijaribu kabla ya kuchapa nakala hata moja: msomee mtu swali, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe anadhani umemuuliza nini. Fanya hivyo mbali na tajiri mwenye mtumbwi, maana akiwa karibu kila mtu husema yuko salama. Tulifanya hivyo na watu wachache tu, kwa siku mbili, na tukaandika upya jibu lile kuwa “zaidi ya siku saba kati ya hizo kumi na nne”.

Maneno ya swali la usingizi hatukuyagusa, kwa kuwa ukibadilisha swali lenyewe huwezi tena kulinganisha alama zako na za wengine. Badala yake tuliongeza mstari pembeni wa kuandika kama ni giza au mbalamwezi, na mara ngapi mhojiwa ameingia ziwani katika wiki hizo mbili.