Chakula cha jana na tundu la miaka: kwa anayeanza utafiti wa uzamili

Udhaifu mkubwa wa tasnifu nyingi zinazohusu lishe na meno uko kwenye muda. Mtafiti anamuuliza mshiriki alikula nini jana, kisha anahesabu meno yaliyotoboka na kuoanisha hayo mawili. Tundu huchukua miezi, mara nyingi miaka, kufika hapo. Tena aliyeumwa jino huenda ameshaacha pipi, na takwimu zitaonyesha kwamba wenye meno mabovu ndio wanaokula sukari kidogo!

Ukiwa na miezi michache tu, pima kinachobadilika upesi: mate, pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi) ya ukoga, yaani utando wa bakteria juu ya meno, na kutokwa damu kwa fizi. Sukari ikiingia kinywani, pH ya ukoga hushuka ndani ya dakika chache. Ikiwa chini ya 5.5 hivi, enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini, na pH huchukua nusu saa au zaidi kurudi ilipokuwa. Kwa hiyo dodoso linalouliza gramu za sukari peke yake halitoshi. Uliza ni mara ngapi kwa siku, pamoja na mlo au katikati ya milo, na kama kuna kinachonywewa baada ya mswaki wa usiku, maana mtu akilala mate hupungua sana. Rudia mahojiano siku mbili au tatu zisizofuatana, mojawapo iwe ya wikendi. Asali na juisi zihesabiwe pia, kwani zimo katika kikomo cha sukari cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha mwaka 2015: chini ya asilimia 10 ya nishati, yaani gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000.

Mate yana masharti yake. Mshiriki asile, asinywe wala kuvuta sigara kwa saa moja au zaidi kabla, na wote wapimwe saa zilezile za siku. Ameze mara moja, ainamishe kichwa, aache mate yadondoke kwenye kikombe kilichokwisha kupimwa uzito, kwa dakika 5. Tumia mizani, mistari ya kikombe hudanganya kwa sababu ya povu. Gramu moja ni kama mililita moja, na chini ya mililita 0.1 kwa dakika ni kinywa kikavu.

Anayekagua meno asijue majibu ya lishe. Akague upya sehemu ya washiriki, tuseme mmoja katika kila kumi, ili upate kappa, kipimo cha jinsi majibu yake ya mara mbili yanavyokubaliana. Meno yasafishwe na kukaushwa kwanza, la sivyo madoa meupe ya mwanzo wa kuoza hayaonekani.

Kwenye uchambuzi, watu 40 wenye meno 28 kila mmoja hawakupi vipimo 1,120 huru, kwa kuwa meno ya kinywa kimoja hushiriki mate na chakula kilekile. Dawa ya meno yenye floridi nayo iulizwe, maana huficha athari ya sukari.

Na utakayemkuta na tundu apewe rufaa ya matibabu. Utaratibu huo uandikwe ndani ya ombi la kibali cha maadili tangu mwanzo.