Kipindi cha mwisho cha Ijumaa

Jumanne moja ya Septemba 2019 nilikuwa na Kidato cha Kwanza B vipindi viwili mfululizo, Kiswahili halafu Historia. Kiswahili tulikuwa kwenye ngeli. Msichana wa dawati la tatu, upande wa dirishani, akasimama bila kuitwa ili kunipinga. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba kiboko wa mtoni yuko ngeli ya A-WA na kiboko cha kuchapia kiko KI-VI. "Madam, jina ni lilelile, herufi ni zilezile. Nani kampa yule wa mtoni ruhusa ya kuhama?" Darasa likalipuka. Wengine wakamuunga mkono, wengine wakamletea mfano wa maneno kipofu na kiziwi, na mimi nikaweka chaki chini nikawaacha wabishane, kwa sababu ngeli huingia kichwani kwa namna hiyo.

Rimu, kengele yetu ya shule, ikagongwa. Sikutoka. Nilifuta ubao tu, nikaandika mada ya Historia kwa Kiingereza: binadamu wa kale, zana za mawe, Olduvai. Dakika kumi baadaye nikamuuliza msichana huyohuyo jiwe lenye makali lilitumika kufanyia nini. Hakuna mtoto wa Korogwe asiyejua kisu kinafanya kazi gani. Akasimama, akainamia dawati, vidole vikawa vinakunja na kukunjua upindo wa sketi. Nikangoja. Wenzake tisini na kitu nao wakanyamaza pamoja naye. Mwisho nikamwambia akae.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa tisa kazini, na jambo hilo nilikwisha kuliona mara nyingi hadi nikalizoea. Siku ile liliniuma. Usiku, nilipomaliza kusahihisha, niliandika nyuma ya daftari la maandalio: "Huyu mtoto kati ya kipindi cha tatu na cha nne amekwenda wapi?" Hilo ndilo swali nililoingia nalo uzamili miezi miwili baadaye.

Kuacha kazi nikasome sikuweza. Nilikuwa na watoto wawili, mama mkwe wa dawa za presha kila mwezi, na makato ya Bodi ya Mikopo ambayo sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Kwa hiyo nikaenda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kituo cha Mkoa wa Tanga, kusomea Uzamili wa Elimu katika Utawala, Mipango na Sera. Chuo hicho kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992 na kikaanza kudahili wanafunzi mwaka 1994. Mimi nilikutana nacho nikiwa darasa la sita pale Mombo, bila kujua. Mwalimu wetu alikuwa akitupa zoezi la hesabu, kisha anafungua kitabu chake kikubwa na kusoma huku midomo ikimcheza. Tulidhani anasali. Baadaye tulisikia anasoma chuo kikuu akiwa palepale, na mimi nikaweka moyoni kwamba kumbe inawezekana.

Siku za kukutana ana kwa ana nilikuwa kituo cha basi saa kumi na moja alfajiri. Segera, Hale, Muheza, Pongwe, Tanga. Kikao cha kwanza mhadhiri alituomba kila mmoja aeleze kwa Kiingereza jambo analotaka kulitafiti. Tulikuwa kumi na wawili, walimu karibu wote, na afisa elimu kata mmoja. Nilikuwa na swali langu tayari, nimelibeba tangu Korogwe. Zamu yangu ilipofika nikataja jina, nikataja shule ninayofundisha, nikakaa.

Miaka tisa nilikuwa nafundisha Historia kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza changu kilikuwa cha kuandika ubaoni na kuuliza maswali ambayo majibu yake ninayo mkononi. Cha kufikiria kwa sauti mbele ya watu wazima wenzangu sikuwa nacho. Jioni, basi likipita Hale, niliuona uso wa yule msichana na vidole vyake kwenye sketi, na nikajua nilichokuwa nakiita uvivu wa kusoma hakikuwa uvivu.

Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa ajili ya korona, nilipata kitu ambacho mwalimu hakipati kamwe, yaani miezi mitatu ya kusoma mchana. Vyuo na Kidato cha Sita walirudi Juni 1, sisi wengine Juni 29. Katikati ya hapo nilisoma kama mtu aliyekuwa na njaa. Niliisoma habari ya Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, ambayo mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia Kidato cha Kwanza cha 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Niliwasoma pia akina Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotumia miaka mingi kueleza kwamba kumfundisha mtoto Kiingereza ni jambo moja, na kumfundishia baiolojia kwa Kiingereza asichokijua ni jambo jingine. Nilikuwa nasoma kwenye simu, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, na mara mbili nilijikuta nimesimama. Swali langu la daftarini lilikuwa limeulizwa kabla sijazaliwa.

Walimu wenzangu wanaponiuliza habari za uzamili huanza na ada. Ada ni nzito, sitaki kumdanganya mtu. Niliilipa kidogokidogo, mara mbili kwa mkopo wa SACCOS. Lakini nilipokaribia kuacha, na nilikaribia mara mbili, chanzo kilikuwa muda. Nilikuwa naamka saa tisa na nusu usiku, nasoma hadi saa kumi na moja na nusu, kisha uji, watoto, kilomita nne kwa bodaboda hadi shule. Wiki ya mtihani wangu wa kwanza nilipangiwa zamu. Nilimwendea mkuu wa shule tuliyekuwa naye wakati huo kuomba nibadilishane na mwenzangu. Akanijibu: "Masomo ni yako, mwalimu. Vipindi ni vya serikali." Nilirudi ofisini nikafungua rejista ya zamu, nikawa naiangalia tu.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa hesabu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Alisikia. Hakusema kitu siku ile. Kesho yake wakati wa chai akanisogelea na kikombe chake: "Mwanangu, kile kipindi chako cha mwisho cha Ijumaa niachie mimi. Wewe wahi basi." Nikamwambia, "Baba, ni Historia." Akasema, "Nitawapa hesabu, nao wana haja nayo. Cha Historia utawalipa Jumatatu saa za ziada." Alifanya hivyo kila Ijumaa niliyokuwa na safari, kwa mihula mitano. Sikuwahi kumwomba, na hakuwahi kunikumbusha.

Utafiti ulikuwa na ugumu wake ambao sikuutarajia. Nilitaka kuchunguza darasa langu mwenyewe. Msimamizi wangu akakataa kwa sentensi moja ambayo sijaisahau: "Mtoto unayemsahihishia mtihani hawezi kukukatalia usaili." Alikuwa sahihi kabisa. Basi ikabidi niende shule nyingine mbili. Barua ya chuo ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikafika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ikaishia mezani kwa wakuu wa shule, na kila mzazi akapelekewa fomu ya ridhaa. Hayo yote yanavumilika. Kilichonishika koo ni kalenda. Shule zote zina mihula ileile, kwa hiyo mwalimu anayetaka kumwangalia mwalimu mwenzake akifundisha lazima atoke darasani kwake wakati wa kazi. Likizo haimsaidii, maana likizo huko nako madarasa ni matupu. Watu wanaopanga masomo ya jioni na ya wikiendi kwa ajili ya walimu wangelitazama jambo hili kwa makini. Kwangu lilitatuliwa na mkuu mpya, mama aliyehamishiwa kwetu mwaka 2021. Alimwita mwalimu wa taaluma, wakakaa na ratiba nusu saa, na Jumatano zangu zote zikahamishiwa siku nyingine. Karatasi moja, penseli na kifutio, basi.

Jumatano hizo nilikaa benchi la nyuma kwenye madarasa ya watu. Nilikuwa na karatasi yenye mistari arobaini, mstari mmoja kwa kila dakika ya kipindi, naandika nani anazungumza. Kuna kipindi nilikimaliza na jina la mwalimu peke yake kutoka juu hadi chini, isipokuwa pale watoto walipoitikia "yes" kwa pamoja. Na mwalimu yule alikuwa mzuri, amejiandaa, ana zana. Akitoka nje kuwasindikiza watoto mpirani alikuwa mtu mwingine, na watoto wengine.

Usaili niliufanya kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, maana tasnifu ilitakiwa kuandikwa kwa Kiingereza. Mvulana mmoja aliniambia: "Naelewa, ila nikisimama maneno yananikimbia." Wengine wengi walisema, "Naona haya." Nililisikiliza neno hilo kwenye kinasa sauti mara nyingi. Haya. Kwa Kiingereza ni lazima uchague, ama ni aibu ya mtu aliyefanya kosa, ama ni woga wa mtu asiyezoea watu. Watoto wale hawakuwa wamekosea, wala hawakuwa waoga. Kwetu haya ni malezi. Mtoto mwenye haya anasifiwa, ni mtoto aliyelelewa, hajitokezi mbele ya wakubwa na kitu kibovu mkononi. Kwa hiyo mtoto anayeona haya kusema Kiingereza chenye makosa mbele ya mwalimu wake anatuonyesha adabu tuliyomfundisha sisi wenyewe, na sisi tunamwandikia "hashiriki darasani". Niliandika aya hiyo mara saba. Mwishowe nilimpigia msimamizi wangu nikamwomba niache maneno ya watoto kwa Kiswahili, tafsiri iwe pembeni, na neno haya libaki lilivyo na maelezo yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Liache. Ila lieleze vizuri." Nimesoma sura nyingi za tasnifu za watu, na bado nadhani kurasa zile nne ndizo kitu bora nilichowahi kuandika.

Sura ya tatu niliipoteza yote mara moja, flashi iliposhika virusi kwenye steshenari nilikokwenda kuprinti. Nilikuwa na nakala ya miezi miwili nyuma. Tangu hapo kila jioni nilijitumia barua pepe, na mwalimu yeyote anayesoma kwa laptopu ya mtumba namsihi afanye hivyo leo, asingoje kesho.

Nilitetea tasnifu mwaka 2023. Nilizungumza kwa Kiingereza dakika ishirini, nikajibu maswali, na mara moja nilipokwama nilisema kwa utulivu kwamba naomba nifikiri kwanza. Mshahara wa mwezi uliofuata ulikuwa uleule. Nalisema hili kwa sababu wadogo zangu huuliza, na wana haki ya kujua kabla hawajakopa.

Yule msichana wa kiboko alimaliza Kidato cha Nne mwaka 2022. Kiswahili alipata B, Historia F. Nilimkuta mwaka jana sokoni Manundu akiuza nguo za mtumba, amezungukwa na wateja watano, anawajibu wote. "Shikamoo madam," akasema, akanipunguzia bei ya sweta ya mwanangu. Nilitembea hadi kituo cha bodaboda nikiwa siwezi kuzungumza na mtu.

Mwaka 2025 niliingia Kidato cha Kwanza na kitabu kipya, Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima katika mtaala ulioboreshwa, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Wiki ya pili niliuliza swali la kawaida tu kuhusu vyanzo vya historia, mikono ikanyooka hadi kwenye madawati ya nyuma, na mvulana mmoja akaniambia bibi yake wa Bumbuli ni chanzo cha kuaminika kuliko kitabu. Tulibishana naye hadi rimu ikagongwa. Kisha akaingia mwalimu wa baiolojia, kijana wa mwaka wake wa nne kazini. Nikiwa nakusanya vitu vyangu nikalisikia darasa likizima.

Mwezi uliopita kijana huyo alinifuata chini ya mwembe wa ofisini. Amepata udahili wa uzamili, na ameanza kuhesabu mabasi. Akaniuliza kama aende kwa mkuu kuomba ruhusa kwanza au alipe ada kwanza. Nikamwuliza kipindi chake cha mwisho Ijumaa ni cha darasa gani. Kidato cha Pili A.

Nimekwisha kumwambia mwalimu wa taaluma. Ijumaa ya wiki hii naingia na insha.