Nilivyowafundisha Watoto wa Chekechea Kuhesabu kwa Komwe, Trei ya Mayai na Paka wa Kitambaa

Kwa miaka minne ya mwanzo ya ualimu wangu hapa Lamu nilijivunia jambo ambalo sasa linanitia haya. Mzazi alipopita darasani kwetu, mtaa wa Langoni, nilikuwa nikipiga makofi mara mbili, na watoto 26 wa miaka minne na mitano wakasimama na kuhesabu kutoka moja hadi hamsini kwa sauti moja, bila kukosea, kama waombao dua. Mzazi aliondoka akitabasamu, nami nikabaki nikijiona mwalimu wa kupigiwa mfano.

Majivuno hayo niliyavunja mwenyewe bila kukusudia, siku niliyokuwa nikigawa penseli. Nilimwambia msichana mmoja, hodari wa kuhesabu kuliko wenzake wote, "Nipe saba." Akatia mkono kikoponi, akatoa konzi zima, akanipa. Zilikuwa kumi na moja. Nikamwomba azihesabu, akahesabu vizuri sana, kidole kikipita juu ya penseli kwa mwendo wake na ulimi ukienda kwa mwendo wake, hata akafika kumi na nne. "Basi ziko ngapi?" nikamwuliza. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo ameshalijibu, kisha akaanza upya: moja, mbili, tatu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimewafundisha wimbo. Watoto wetu huingia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, wangali wadogo mno, na kuhifadhi kwa kusikia ni kazi wanayoiweza kuliko sisi watu wazima. Ukiwapa majina ya namba watayameza hadi mia, ila hakuna atakayejua kwamba kila kitu hupewa jina moja tu, wala kwamba jina la mwisho kutamkwa ndilo jawabu la swali "ngapi". Mtoto huijua moja kwanza, akakaa nayo. Miezi ikapita, akaijua mbili. Ikapita tena, akaijua tatu. Hodari wangu alikuwa akiijua tatu. Saba kwake ilikuwa neno la kutaja katikati ya sita na nane, basi.

Nilipolieleza jambo hili katika semina moja, mkufunzi wetu alinishauri nipandishe kiwango hadi mia na ninunue chati ya namba ya kutundika ukutani, kwa kuwa, alisema, mtoto akiziona kila siku zitamwingia. Niliinunua kwa shilingi 500 na ushei. Ingali ukutani hadi leo, kwa sababu imefunika vizuri sana mahali ambapo chumvi imeila chokaa, na sijaona kazi nyingine iliyoifanya.

Basi nikaamua kutumia vitu vinavyoshikika. Maharagwe niliyaacha siku ya pili, baada ya moja kuingia puani mwa mtoto na kutupeleka zahanati mbio mbio. Peremende sisimulii. Lakini samaki nitawasimulia, maana ujinga ule ulikuwa wangu peke yangu na nilikuwa nimeufikiria usiku kucha.

Niliwaza hivi: mtoto wa Lamu humjua samaki kabla ya kuijua kalamu, na samaki wadogo huuzwa kwa mtungo, yaani tayari wamekwisha kutungwa kama shanga, nini tena kingenifaa kuwafundishia kwamba vitu vingi vinaweza kuwa kimoja? Asubuhi nikashuka sokoni, nikanunua mitungo mitatu ya tafi kwa fedha ambazo mume wangu hajui hadi leo zilikwenda wapi. Nikaifunika kwa leso, nikaingia darasani nikitembea kama bibi harusi. Nikatangaza kwamba kila mtungo una samaki kumi. Sikuwahesabu. Mtu yeyote aliyewahi kununua mtungo anajua kwamba muuzaji hupima kwa jicho: tafi wakiwa wakubwa huwa wachache, wakiwa wadogo huongezwa, na mtungo hubaki mtungo kwa bei ile ile. Kundi la kwanza likahesabu kumi na mmoja, la pili kenda, la tatu wanane. Nikawaambia wa kundi la tatu warudie, wakarudia, wakapata wanane. Nikawaambia warudie tena kwa uangalifu, nao kwa adabu yao wakanipa kumi niliyoitaka. Nilikuwa nimewafundisha kusema uwongo ili mwalimu afurahi.

Mji huu una paka wengi kuliko wahesabiwavyo, na mlango wetu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Walikuja kwanza wawili, wakaja watano, kisha sikujua tena, kwa kuwa nilikuwa juu ya benchi na ufagio mkononi, watoto wakipiga vigelegele, na mtungo mmoja ukiburutwa kuelekea uchochoroni. Katika vurumai hiyo mvulana mmoja mkimya, ambaye tangu Januari hakuwa ametamka namba yoyote mbele yangu, alimvuta mwalimu msaidizi nguo akamwambia: "Walikuwa kenda. Paka ametwaa wawili. Wamesalia saba." Mimi sikusikia. Nilisimuliwa jioni, darasa likiwa bado lanuka, na nikalala nikijiuliza kwa nini somo la kutoa, ambalo sikulipanga, lilifaulu kwa dakika moja pale ambapo somo langu la kuhesabu lilikuwa limeshindwa asubuhi nzima. (Alisema "kenda" kwa sababu ndivyo asemavyo nyanya yake. Kitabu kinasema "tisa". Mimi nazipokea zote mbili, na anayekereka na akereke.)

Suluhisho la vitu vya kuhesabia nililipata kwa wazee wa bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kete zenyewe ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu ambazo mtoto hawezi kuzitafuna na, nililipima hilo kwa makini, haziingii puani. Nilimwendea mzee mmoja, nikamsalimu, nikamweleza shida yangu. "Ami, nataka komwe za kuwafundishia watoto hesabu." Akacheka hata kofia ikamtoka. "Mwanangu, kwani sisi tulifundishwa na nani?" Akanijazia mfuko, akakataa malipo, ila alinichelewesha saa nzima akinionyesha namna mchezaji mzuri anavyolitazama shimo na kujua zimo ngapi bila kuzigusa. Saa ile nilidhani ananipotezea wakati.

Kumbe alikuwa amenipa nusu ya somo. Tatu au nne jicho huziona mara moja, la mtoto na la mtu mzima. Zaidi ya hapo ni lazima uhesabu, au uzione katika mafungu. Mafungu hayo niliyapata katika trei ya mayai ya karatasi, na hapa naomba niruhusiwe kujisifu. Trei ina vishimo 30, mistari sita ya vitano vitano. Ukikata kila baada ya mistari miwili unapata vipande vitatu, na kila kipande kina vishimo kumi: vitano juu, vitano chini. Niliomba trei zisizochafuka kwa kijana anayeuza mayai ya kuchemsha, nikazianika juani siku mbili, nikazikata kwa kisu cha jikoni, na tangu hapo kila kipande cha vishimo kumi sisi hukiita trei. Gharama haikupata hata bei ya soda.

Mtoto anatia komwe moja katika kila kishimo, akianzia juu kushoto. Kila kishimo hupata komwe moja tu, kwa hiyo kidole na ulimi hulazimika kwenda pamoja. Akitia saba, anaona mstari wa juu umejaa, chini ziko mbili, na vishimo vitatu vimebaki vitupu. Kwa hiyo saba si neno tena, ni tano na mbili, tena ni kumi iliyopungukiwa na tatu. Baada ya wiki tatu hivi nilianza kufunika trei kwa leso, nikiifunua kwa muda wa pumzi moja na kuifunika tena. "Nane!" walipiga kelele. Mmejuaje? "Mbili zimekosekana." Hakuna chati iliyowahi kuwafundisha hilo. Na jioni kila mtoto hurudisha trei yake ikiwa imejaa, hivyo najua kwa kutupa jicho kwamba hakuna komwe iliyokwenda nyumbani mfukoni.

Paka nilimshona mwenyewe kwa kanzu kuukuu, sikio moja kubwa kuliko la pili, kama ukumbusho wa siku ya tafi. Kazi yake ni kukosea. Anahesabu komwe akiruka moja, au anaigusa moja mara mbili, au anafika tano na kuingiza saba, nao watoto humkemea kwa ukali ambao sijui wameutoa wapi. Yule hodari wa penseli alimshika Paka mguu akamwambia, "Hii umeshaihesabu, usiihesabu tena," na hapo nikajua ameelewa.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Nilikuwa nikipanga safu mbili za komwe sita sita, zikilingana, watoto wakakubali kwamba ni sawa. Kisha nikaitandaza safu moja iwe ndefu na kuuliza tena, nao karibu wote wakaonyesha ile ndefu kuwa ndiyo yenye nyingi. Jean Piaget wa Uswisi alilieleza kosa hilo zamani, akaona kwamba watoto wa umri huu bado hawajakomaa kulielewa. Nililikubali hilo hadi siku ambayo, kwa utani tu, Paka ndiye aliyeruka na kuivuruga safu. "Ole wetu, Paka ameharibu! Bado ni sawa?" Wengi wakasema ni sawa. Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1970 James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Scotland walifanya jambo hilo hilo kwa dubu wa kuchezea, na watoto wengi zaidi wakajibu sawasawa. Maelezo ni mepesi: mtu mzima anayehamisha vitu kwa makusudi na kurudia swali lile lile, mtoto hudhani anatakiwa abadilishe jibu. Nikawakumbuka wale wa kundi la tatu na samaki wao wanane.

Kuhusu lugha, kuna wazazi wanaotaka namba zifundishwe kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mimi hujibu kwamba Kiswahili chetu kinamrahisishia mtoto. "Kumi na moja" inajieleza: kumi, na moja juu yake, trei moja imejaa na komwe moja imo katika trei ya pili. Kiingereza kimezipa kumi na moja na kumi na mbili majina ambayo kumi haionekani ndani yake. Tunapokwama ni kwenye ishirini, ambayo haionyeshi mbili yoyote, kwa hiyo kwa mwezi mzima sisi husema "makumi mawili" huku tukishika trei mbili. Thelathini, arobaini na hamsini zilinisumbua pia, hadi mtoto mmoja aliposema zinafanana na thalatha, arbaa na khamsa za chuoni. Nilikuwa nimesoma na kufundisha kwa miaka yote hiyo na halikuwahi kunipitia akilini. Jambo linalobaki gumu ni kwamba namba zetu hubadilika kwa kufuata vitu: watu wawili, viti viwili, mawe mawili, komwe mbili. Sita, saba, tisa na kumi hazina tabu hiyo. Nyingine huhitaji subira.

Vipimo nitavipita haraka. Tulipima baraza kwa shubiri, wakapata kumi na tano, kumi na saba, mimi nikapata kumi, na ugomvi uliozuka ulitosha kuwa somo. Mchanga tuliupima kwa vibaba, vinne kwa pishi.

Ninayemkumbuka zaidi ni baba mmoja muuza boriti, aliyekuja mwezi wa Julai akiwa na daftari la mwanawe.

"Mwalimu, nusu mwaka sasa, na humu mna kurasa tatu tu. Mtoto wa jirani ameandika hadi mia."

"Mwulize huyo wa jirani akupe saba," nilimjibu, kwa ukali kidogo kuliko ilivyostahili.

Hakuridhika, ila alikuwa muungwana. Nikamwomba, maadamu ameshafika, anisaidie vipande vya miti niwafundishe watoto kupanga kwa unene, kwani hakuna mpangilio mzuri kama ule wa miti ya mikoko: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Juma lililofuata alileta mzigo wa fito zilizokatwa sawasawa, umefungwa kwa kamba, akauweka barazani kwa kishindo. "Korija moja kamili," alisema, na kila aliye katika biashara hiyo anajua korija ni ishirini.

Mwanawe akaifungua kamba. Akaleta trei mbili, akasimamisha fito moja moja katika vishimo, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alikitazama kishimo cha mwisho, akakitia kidole kuhakikisha.

"Baba, imepungua moja."

Baba akainama akahesabu. Akahesabu tena, safari hii kwa sauti. Kisha akavaa viatu vyake na kuteremka pwani kumtafuta aliyemfungia mzigo.